Mnaangaliaje TV huku mna kazi za nyumbani? Baba watoto ananizimia kila siku

mama_vitumbua

Wakuu habari za muda huu. Mimi nyumba ikiwa kimya kazi haziendi kabisa, asubuhi nikishawatoa watoto wa shule naminya rimoti kwanza halafu ndo naanza kufagia, vyombo, kufua, mpaka mchana hivyo hivyo. TV iko sebuleni na mimi niko uani au jikoni kwa hiyo ukweli kuangalia naangalia kidogo sana, nasikiliza zaidi, nikisikia wameanza kugombana kwenye tamthilia ndo nakuja kuchungulia mlangoni na mikono ina mapovu.

Sasa baba watoto kaja juu, anasema nachoma umeme bure, LUKU haifiki mwisho wa mwezi na TV inaongea na makochi. Akirudi akikuta inawaka na mimi niko nyuma anaizima bila kusema neno, na mimi nikiingia naiwasha bila kusema neno, ndo maisha yetu siku hizi 😂

Nataka kujua nyie wenzangu mnafanyaje. Hivi kweli TV inakula umeme kiasi hicho au ananionea tu? Halafu vipindi gani vinafaa mtu akiwa na kazi ya mikono, maana kuna tamthilia nzuri sana ila zina maandishi chini, ukiinama kumenya kitunguu umepitwa, ukiinua kichwa mtu kashakufa na hujui kauawa na nani. Ninaye na mdogo wa mwaka na nusu anacheza pale pale sebuleni na vifuniko vya sufuria, yeye wala haiangalii kwa hiyo huyo sidhani kama ana shida. Karibuni.

---

chalii_wa_chuga

Hiyo sio kuangalia TV dada, hapo umeajiri mlinzi. Mimi hata nikitoka naiacha inawaka na sauti juu, wale vibaka wa saa nne asubuhi wakipita wajue ndani kuna watu. Mwambie shemeji ni gharama za ulinzi aache ubahili.

---

Fundi Waya

Nianze na umeme maana ndo kazi yangu. Geuza TV nyuma utakuta kibandiko kina namba na herufi W, hizo ndo wati. TV bapa za LED za inchi 32 nyingi ziko kati ya wati 30 na 60, tuseme yako ni 50. King'amuzi tukiweke 15. Jumla 65. Ukiwasha masaa kumi kwa siku umekula uniti 0.65, maana uniti moja ni wati 1000 kwa saa nzima. Kwa mwezi inakuja kama uniti 19 na nusu.

Sasa hizo 19 ni nyingi au kidogo inategemea mko kundi gani. Kama ni wale wa matumizi madogo, uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, ukizivuka tu kila uniti ni 350. Kwa hiyo TV yako peke yake ni robo ya kiwango chenu. Kama mnaishia 60 wala asikusumbue, ila kama mnagusa 80 na kuendelea shemeji ana hoja, maana zile za juu ndo zinauma.

Lakini kabla hajakuzimia TV aangalie na vitu vinavyotoa joto. Pasi ni wati 1000 na kwenda juu. Hata ukisema inakata na kuwaka kwa hiyo nusu ya muda haili kitu, nusu saa ya pasi ni sawa na masaa karibu manne ya TV na king'amuzi chake. Birika la umeme la wati 2000 likichemka dakika tano hapo umeangalia TV masaa mawili na nusu. Sijui kwa nini watu wakitafuta mwizi wa umeme wanaanza na kitu kinachopiga kelele.

Ila kama TV ni ile ya chogo ya zamani hapo niseme ukweli, inakula zaidi, waweza kukuta inakaribia mara mbili ya hizi bapa.

---

mama_vitumbua

Fundi Mungu akubariki. Ni bapa ya 32. Na anayepiga pasi hapa ndani ni yeye, kila asubuhi shati moja, tena anaichomeka kwanza ipate moto ndo anaenda kuoga. Leo tutaongea vizuri.

---

MtuWaPipeline

Sisi hapa Nairobi Jumamosi ndio siku ya kufua, na mimi naishi bedsitter so TV, jiko na beseni zote ziko hapo hapo, shida yangu haijawahi kuwa umbali, shida ni macho. Mikono iko kwa maji, macho iko kwa kola ya shati, kitu imebaki ni masikio. Hapo dawa ni sinema zenye zimetafsiriwa na DJ Afro. Niamini mimi. Yule jamaa hatafsiri tu vile wanasema, anakusimulia kila kitu, nani ameingia, ameshika nini, anakimbia aende wapi, na vichekesho vyake juu yake. Unafua mpaka unaanika na sinema yote umeielewa bila kuinua kichwa.

Za Kihindi zenye ziko na maandishi chini achana nazo, hizo ni za kukaa chini na chai. Na habari mimi hupenda ile ya Kiswahili ya saa moja usiku, hiyo ndio saa ya ugali, ile ya Kizungu ya saa tatu inanipata nikiwa nimelala.

---

BabuWaRTD

Huyo wa Nairobi kagusa penyewe. Huku Bongo tulikuwa na Lufufu, mtafsiri wa sinema enzi za kanda za VHS, ulikuwa unapita nje ya banda la video huoni kitu lakini picha nzima unaijua kwa kusikia sauti yake tu.

Mnajadili kama ni jambo la leo wanangu. Huku bara TV tumeiona mwaka 1994 ITV ilipoanza, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970 tena ya rangi. Kabla ya hapo nyumba nzima ilifanya kazi na Radio Tanzania. Mama anapepeta mchele huku Mchana Mwema inaendelea, Ugua Pole watu wanatuma salamu kwa wagonjwa hospitalini, na yakifika matangazo ya vifo ungo unasimama kwanza watu wasikie jina na kijiji, halafu unaendelea.

Tofauti ni moja. Mtangazaji wa redio anajua kwamba humuoni kwa hiyo anakueleza. Huyu wa TV anakwambia "kama mnavyoona hapo" na wewe umeinamia ndoo. Ndo maana sio kila kipindi cha TV kinafaa. Chagua chenye watu wanaoongea kwa mfululizo, mijadala ya asubuhi, magazeti yanayosomwa, mpira, mahubiri, kesi za ndoa. Kipindi cha wanyama mbugani kizuri sana lakini dakika mbili nzima ni upepo na ndege, utadhani umeme umekatika.

Na tamthilia msizidharau, hizo ndo zilitengenezwa kwa ajili yenu. Marekani miaka ya 1930 makampuni ya sabuni, Procter & Gamble wakiwemo, ndo yalikuwa yanalipia michezo ya redio ya mchana kwa kuwalenga akina mama walioko nyumbani na kazi zao. Mtunzi alijua msikilizaji anatoka anarudi kwa hiyo mambo yanarudiwarudiwa. Mpaka leo ni hivyo hivyo, nenda kageuze chapati zako zote, ukirudi bado wanaulizana mimba ni ya nani.

---

mama_vitumbua

Babu umeniua na hiyo ya mimba 😂😂 kweli kabisa, na hizi za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili ndo naziweza kwa sababu hiyo, hata nikiwa uani nawajua wote kwa sauti, kuna mmoja sura yake sijawahi kuikariri lakini akikohoa tu najua ni yeye mchawi wa ile nyumba.

Shida yangu kubwa ni kelele zangu mwenyewe. Nikiwasha blenda nimepitwa, nikitwanga kisamvu nimepitwa, na mvua ikianza kupiga kwenye bati ndo basi tena, nyumba yetu haina dari huku nyuma.

---

binti_wa_Singida

Naomba niseme upande ambao huwa hausemwi. Nimefanya kazi za ndani miaka kadhaa kabla sijaanza biashara yangu. Nyumba ya kwanza bosi alikuwa akitoka asubuhi anaondoka na rimoti kwenye mkoba. Nyingine king'amuzi kiliwekwa namba ya siri, wanasema dada akiangalia TV kazi hazifanyiki. Sasa hebu fikiria uko na mtoto ambaye hajaanza kuongea toka kumi na mbili asubuhi mpaka wenye nyumba warudi saa moja moja usiku na foleni za Dar, geti limefungwa, simu unapewa Jumapili. Hakuna sauti ya mtu mzima hata moja. Nilikuwa nasimama karibu na ukuta wa jirani nafua kule ili nisikie tu redio yao.

Nikaja kupata mama mmoja yeye akaniambia washa, mimi ninachotaka nikirudi nikute nyumba safi na mtoto kala. Basi nikawa nimejipangia. Asubuhi wakati wa yale mazungumzo na kusoma magazeti, hapo kufua na vyombo maana sihitaji kuona kitu. Marudio ya tamthilia saa nane ndo naweka pasi, kwa sababu pasi unasimama sehemu moja na unaweza kuigeuzia meza iangalie TV, ila jicho kwenye shati kwanza. Kudeki sebule ni wakati wa matangazo, yanakaa muda mrefu kiasi kwamba unamaliza na kona. Kuchambua maharage na mchele nakaa kabisa mkekani mbele ya TV, ila ya mchele nazima, mawe madogo yanataka macho.

Kwa hiyo mnaosema dada akiwasha TV kazi zinalala, mimi kazi zilikuwa zinaisha mapema kuliko kule kwa wenye rimoti kwenye mkoba. Ukishajua tamthilia ni saa nane utahakikisha saa nane hakuna sufuria jikoni.

---

madam_supervisa

Binti umeongea lakini sio wote wako kama wewe. Wangu mimi nilimkuta kakaa, mtoto analia, maharage yanaungua hadi geti linanuka, na yeye machozi yanamtoka kwa ajili ya mtu wa Ufilipino.

---

binti_wa_Singida

Hahaha madam pole. Huyo hata bila TV angekaa tu.

---

nesi_mstaafu_mtarajiwa

Mama vitumbua ngoja nirudi kwa huyo wa mwaka na nusu maana naona watu wamemruka. Unasema haangalii. Kuna utafiti ulifanywa Chuo Kikuu cha Massachusetts ukatoka 2008, waliwachukua watoto hamsini wa mwaka mmoja, miwili na mitatu, wakawaacha wacheze na midoli saa nzima, nusu saa TV inawaka kwenye mchezo wa maswali wa watu wazima na nusu saa imezimwa. Watoto waliitupia macho mara moja moja tu, hawakuwa na habari nayo. Lakini TV ikiwa inawaka walicheza muda mfupi zaidi na kila mchezo waliuacha mapema, yaani akishika kitu hakai nacho. Mwaka uliofuata ukatoka mwingine wa wenzao hao hao kuhusu wazazi, TV ikiwa inawaka pembeni mzazi anaongea na mtoto kidogo na hata akiongea akili haipo pale. Na hiyo ndo inayonitia wasiwasi zaidi mimi, maana umri huo maneno anayapata kwako.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walisema mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ni bora zaidi. Najua wewe humkalishi mbele ya TV, ila usiseme haimgusi.

---

dogo_mbishi

Nesi na wewe, sisi tumekulia nyumba ina redio ya mbao inaimba toka alfajiri na shangazi anagombana na majirani juu yake, na chuo tumefika. Hizi tafiti za Wazungu wana nyumba zina mtoto mmoja na mbwa.

---

nesi_mstaafu_mtarajiwa

Mdogo wangu wewe ulikulia na shangazi, binamu, bibi na watoto wa jirani, maneno yalikuwa yanakumwagikia toka kila upande. Huyu yuko na mama yake tu mpaka saa saba watoto wa shule warudi. Ndo ninachosema. Sijamwambia aitupe TV. Akiwa macho na anacheza zima au peleka mtoto huko huko uani umpe kibeseni chake na maji kidogo (usimwondolee macho hata kama maji ni ya kiganja) umwongeleshe huku unafua, hii soksi ya nani, hii ya baba. Akilala washa uangalie mimba ya nani upendavyo.

---

mama_vitumbua

Nesi sikupingi, huwa analala saa tano mpaka karibu saa saba. Ila marudio ndo saa nane, yaani hata mtoto ana ratiba inayonikomesha.

---

Bi Michenzani

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja lakini sasa nipo Muscat na mume. Mie nina kijitivii kidogo jikoni, juu ya kabati, mbali na jiko. Mchana nawasha nisikie Kiswahili maana nje kutwa ni Kiarabu na Kihindi, kuna siku nasikiliza hata taarifa ya mvua za Morogoro ambako sina mtu. Ramadhani nabadilisha naweka Makka laivu, kile kisomo kinakwenda toka nakanda unga mpaka natoa sambusa za mwisho na kaimati, sihitaji kuangalia kitu na moyo unatulia, adhana ikilia najua saa imefika.

Lakini dada yangu mama vitumbua kwa kuwa wewe unapika na mafuta nakwambia, tamthilia na karai la mafuta haviendi pamoja. Ukikaanga weka kitu cha kusikiliza tu. Kile cha kuchungulia weka wakati wa kukunja nguo.

---

beki_tatu_wa_ukweli

Mimi ni baba wa nyumba na ninaosha vyombo, nitaje kabila langu sasa hivi au baadaye 😂. Siku ya Simba na Yanga mimi ndo huwa najitolea jikoni. Siri ni hii, picha ya king'amuzi inachelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio. Jirani yangu anasikiliza mechi kwenye redio, mimi TV yangu inawaka sebuleni nipo na sufuria la pilau. Jirani akipiga kelele nafuta mikono, natembea taratibu, nafika sebuleni ndo kwanza mshambuliaji anapokea mpira, goli naliona laivu kama kawaida. Mke wangu alifikiri nina maono.

---

Fundi Waya

Beki tatu hiyo ni kweli kabisa, picha inapanda juu setilaiti inashuka halafu king'amuzi nacho kinaifungua, redio ya kawaida inakuja moja kwa moja.

Mama vitumbua kwa suala la kelele zako, usiongeze sauti ya TV mpaka spika ziungue. Kama TV yako ni ya miaka ya karibuni angalia kwenye mipangilio ya sauti kama ina Bluetooth, unachukua kale kaspika kadogo ka kuchaji unakaweka dirishani uani, sauti inakufuata wewe na sebuleni unaweza ukaizima kabisa. Ikiwa haina kuna kile kitundu cha hedifoni unachomeka waya mrefu. Kaspika kasikae karibu na ndoo. Na TV usije ukashawishika kuihamishia jikoni kwako, kwa biashara ya vitumbua mvuke na mafuta vitaingia ndani na miezi michache utaniita, yule wa Muscat sidhani kama anakaanga kutwa nzima.

Simu nayo wengi wanafanya, wanaiegemeza kwenye kopo la chumvi wanaweka YouTube, ila hapo umehamisha gharama tu kutoka LUKU kwenda kwenye bando, na bando linaisha kabla hujamaliza vyombo.

---

mama_vitumbua

Mrejesho wakuu. TV ina Bluetooth, miaka yote hiyo sikujua. Spika ya mwanangu wa kwanza nimeitaifisha iko dirishani na leo nimetwanga kisamvu nikasikia kila kitu nikiwa nimeisogeza karibu. Asubuhi mtoto akiwa macho naizima, hiyo nimekubali, tuko naye uani anataja soksi, ya baba anaita "baba" na ya kwangu pia anaita "baba" sijui ndo nini.

Baba watoto nimemuonyesha hesabu ya Fundi kwenye simu. Akaisoma kimya, akarudia kuisoma. Asubuhi leo kapiga pasi mashati ya wiki nzima kwa mkupuo. Halafu jioni akaja na swali jipya, eti muulize huyo fundi wako friji linakula ngapi, nahisi anataka kuhamia huko.

---

Fundi Waya

Mwambie friji halihesabiwi masaa 24, linawaka na kukata lenyewe. Akague mpira wa mlango, aweke karatasi afunge mlango juu yake halafu aivute, ikitoka kirahisi mpira umechoka na hapo ndo umeme unapotea. Asilibane ukutani pia, nyuma lipate hewa. Na kama kuna mtu huwa anafungua friji anasimama kuangalia ndani akiwaza ale nini, huyo mmtaje hapa.

---

mama_vitumbua

Ni yeye.